Nguo Niliyovaa Kwenda Bumbile

Siku tuliyomzika Rukia, pale Rwamishenye, mjukuu wake wa kike alinisogelea na kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza kama ni kweli mimi na bibi yake tuliwahi kwenda kutembea visiwani tukiwa wasichana, kisiwa hiki mpaka kile, kama wazungu. Alisema bibi yake alikuwa akianza kuisimulia safari hiyo, lakini akifika Bumbile ananyamaza na kuuliza habari za chakula jikoni. Nikamwambia ni kweli, tulikwenda, ilikuwa Idd pili. Zaidi ya hapo sikusema, kwa sababu palikuwa na watu wengi na chai ilikuwa bado ya moto. Lakini Rukia hakuwa akinyamaza kwa kusahau. Alikuwa akininyamazia mimi, na sasa hayupo wa kuninyamazia, basi niseme mwenyewe.

Mwaka ule ndipo ugonjwa ulipopata jina. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, waliorudi walikuwa wamerudi na wasiorudi tulikuwa tumekwisha kuwalilia, na kitu kilichobaki kutoka ng'ambo ya mpaka kilikuwa magendo. Sabuni, redio, vitambaa. Katika vitambaa kulikuwa na kimoja kilichong'aa na kuteleza kama ngozi ya kambare, kikiitwa Juliana, na msichana aliyevaa Juliana hakuhitaji kusema kwamba anapendwa. Kisha wale waliokuwa wakikivaa wakaanza kukonda. Wa kwanza niliyemjua alikuwa Projestus wa duka la chumvi, akafuata Jenesta mshona nguo, akafuata Sweetbert mdogo wake Projestus, ambaye alikuwa na mapaja ya mcheza mpira na alizikwa mwepesi kama mzigo wa nyasi. Watu wakaunganisha mambo kwa akili waliyokuwa nayo: wanaokonda ni wa Juliana, basi ugonjwa umo ndani ya Juliana. Ukaitwa hivyo hivyo, Juliana, kama jina la mtu. Tuliogopa kitambaa. Leo wajukuu wangu wanacheka nikiwaambia, na mimi nawaacha wacheke, maana hawajui woga wa kitu kilichokunjwa sandukuni chini ya kitanda chako.

Kwa sababu mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa nafanya kazi kwa Bi Zuhura, mama yake Rukia, watu wa asili ya pwani ambao babu zao walikuja Bukoba kwa biashara wakabaki. Nilikuwa nikikanda unga wa chapati alfajiri na kulala na Rukia chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya mchele, na harufu ya magunia yale ninayo mpaka leo. Mchumba wangu aliitwa Deogratias, Deo, mtu wa Kimwani, aliyekwenda vitani na mgambo akarudi mzima na kuhamia Bumbile kununua samaki. Nilikuwa nimeonana naye mara chache tu. Mara ya kwanza alikuja kwa Bi Zuhura kuleta sangara, akapewa chapati yangu, akaigeuzageuza. "Dada," akasema, "hii ni chapati au ni ramani ya Kagera? Nikianza kula Ngara, nitafika Bukoba saa ngapi?" Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye Deo alipeleka pombe kwetu, lubisi la kutosha ukoo mzima, na wazee walikunywa. Kwetu pombe ya mchumba ikishanywewa, msichana ni wake, hata kama bado anakanda unga kwa watu. Kisha Deo akatuma kitambaa kwa boti, Juliana ya kijani, nikashonewa gauni na Jenesta huyo huyo kabla hajaanza kukonda. Halafu Deo akanyamaza. Msimu mzima wa kiangazi hakuna salamu, hakuna samaki, hakuna mtu wa kusema nimemwona.

Siku moja kabla ya Idd alikuja shangazi yangu Melania kutoka upande wa Rubya, ambaye kwa desturi yetu nilimwita ishenkazi, na ishenkazi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa ya binti wa kaka yake. Alikuja na kapu kubwa lenye kifuniko. Alisema amesikia mzee Salehe, mume wa Bi Zuhura, ambaye boti yake siku za kawaida ilivusha watu na samaki, atawatembeza jamaa zake visiwani Idd pili, na yeye hajawahi kuona visiwa, naye ni mtu mzima, atakufa lini bila kuona visiwa? Bi Zuhura akamkaribisha. Jioni ishenkazi akaniambia nilete lile gauni. Nililishika kwa ncha za vidole. "Utalivaa kesho kutwa," akasema. "Nguo ya mchumba haiogopwi, bojo, mwanangu. Ukimtokea bila nguo yake umemkataa." Hayo aliyasema kwa sauti ya mtu asiyeogopa, lakini gauni lenyewe alilitwaa kwa kijiti, akalichemsha kwenye sufuria kuukuu na majivu, akalichemsha tena, na ile sufuria akaenda kuitupa mbali, nyuma ya choo. Kisha akalipiga pasi ya mkaa mpaka likanuka moto. Nilimtazama na kujiuliza, kama haiogopwi, mbona sufuria imetupwa.

Tuliondoka Kemondo asubuhi, ziwa limelala. Juu ya gauni nilijifunga khanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani mpaka shingoni, na juani nilikuwa natoka jasho kama anayepika pombe. Nilihisi kitambaa kikinigusa kila mahali. Kila kilipoteleza nilidhani ndio ugonjwa unaingia, sasa umefika mbavuni, sasa umefika tumboni. Rukia peke yake ndiye aliyejua nimevaa nini, na alikaa karibu nami kabisa, bega kwa bega, akila sambusa. Wengine walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Alikuwepo mama mmoja mnene, Mama Hidaya, jirani wa Bi Zuhura, mcheshi sana, ambaye hakuna kitu alichokiona asikitanie. Tulifika Kerebe tukala pilau juu ya mawe, na hapo mazungumzo yakageukia ugonjwa, kama yalivyogeuka kila mahali mwaka ule, hata harusini. "Mimi nimewaambia wanangu," alisema Mama Hidaya, akilamba vidole, "mtu akiingia kwangu na Juliana, hata awe mkwe, namwagia maji ya moto. Na humu botini kama yupo, aseme mapema tumpe samaki." Watu wakacheka. Mzee Salehe akasema, "Samaki wenyewe watamkataa." Wakacheka tena. Mimi nilicheka pia. Sijawahi kucheka kicheko kizito kama kile.

Kisiwa cha pili kilikuwa Iroba. Wengine walishuka kuangalia wavuvi wakianika dagaa, wanawake wakabaki botini, kwenye kivuli cha turubai. Bi Zuhura alitaka chumvi ya kulia embe, akaniambia niangalie kwenye makapu. Nilifungua kapu la ishenkazi nikidhani ni la chakula. Ndani kulikuwa na mkeka wangu. Chini ya mkeka mto wangu, gauni langu la kanisani, kikombe changu cha bati, na kisu kipya cha kumenyea ndizi, kile ambacho kwetu binti hupewa anapokwenda kwa mumewe. Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama, akafunga kifuniko polepole kama mtu anayefunika mtoto. "Koku," akasema, "wanakuacha huko." Na palepale, upande wa pili wa turubai, tulimsikia Bi Zuhura akisema kwa sauti ya chini, "Lakini Melania, si ungemwambia mtoto? Si mbuzi huyu." Ishenkazi akajibu, "Ningemwambia angelia, na akilia atakataa. Mwanamume ananyamaza, bibi, na pombe yake imo tumboni mwetu. Nimngoje mpaka lini? Mji ule unaokota wasichana kila siku. Asiye na mume ndiye anayeokota ugonjwa. Akiwa kwa mumewe, kisiwani, maji pande zote, nani atamgusa?"

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Hakuwa mwanamke mbaya, ishenkazi Melania. Alikuwa amezika mabinti wawili wa dada yake mwaka uleule, Agripina na Leonsia, wote wa mjini, wote bila waume, na kwa hesabu yake ndoa ilikuwa boma. Alikuwa akinikimbiza kutoka kwenye moto, na hakuna aliyemwambia kwamba ananikimbizia jikoni. Lakini siku ile sikumhurumia. Nilichojua ni kwamba boti itakaporudi Kemondo jioni mimi sitakuwemo. Kukataa sikuweza, msichana anayekataa baada ya pombe kunywewa anawatia aibu waliokufa na walio hai. Rukia aliniambia, "Nitakushika mkono, wakikuvuta watuvute wote." Nikamwambia nyamaza. Boti ikawashwa.

Kutoka Iroba upepo ulianza, na maji yakabadilika rangi. Ishenkazi alitoa kahawa ya kutafuna kwenye fundo la khanga yake, akatupa punje kadhaa ziwani kwa ajili ya Mugasha, yule wa ziwa ambaye wazee walimwogopa kabla padri hajafika, na mkono wa pili ukiwa umeshika rozari. Mama Hidaya akamwambia, "Shangazi, unasali huku na unahonga kule?" Naye akamjibu, "Mwanangu, ziwani sijui nani yupo zamu." Hakuna aliyecheka sana. Mzee Salehe alisema tukifika Bumbile hatukai, upepo wa mchana haumngoji mtu.

Deo alikuwa ufukweni. Tulimwona kabla boti haijatia nanga, amesimama kati ya vichanja vya kukaushia samaki, na ishenkazi akanibana mkono kwa furaha, maana mtu yule alikuwa mzima. Shingo nene, mabega yake yaleyale. "Unaona," akaninong'oneza. "Fahali. Na wewe unaota makaburi." Lakini Deo alipotuona hakutabasamu. Alitutazama, akalitazama lile kapu, na nadhani alielewa yote hapohapo. Alitukaribisha bandani kwake kwa heshima. Banda lilikuwa limefagiwa, kitanda cha miti, sufuria mbili, sahani mbili, na msumarini kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha mwanamke ambacho hakuna aliyekitaja. Alileta kahawa kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo cha wageni, akatangulia kutafuna moja kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone haina sumu, kisha akampa ishenkazi kwa mikono miwili. Nje alikuwa akipita mama mmoja wa Kisukuma, Nyanjige, aliyebanika samaki banda la jirani, naye alisimama mlangoni bila kuingia.

"Mwana," ishenkazi alianza, "pombe yako tulikunywa."

"Mlikunywa, waitu," akajibu, kwa neno letu la heshima.

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi mimi nimesema, huenda mkwe wetu ana kazi nyingi, nimsaidie. Nimekuletea mtu wako. Tazama, nguo yako ameitunza." Na kabla sijajua afanyalo, alizivuta khanga zangu zote mbili, nikabaki katikati ya banda lile nimevaa Juliana ya kijani, imelowa jasho, imenishika mwili.

Deo aliitazama ile nguo. Kisha alinitazama usoni, na mimi nilimtazama, nikasikia mafuta ya samaki yakichuruzika motoni kwa Nyanjige. Halafu alisimama, akatoka nje, na kutoka kule nje akaanza kupaza sauti, si sauti ya kusema na mkwe, sauti ya mnadani. "Nani kamleta huyu kwangu na nguo ya ugonjwa? Njooni muone. Watu wa Bukoba wananiletea Juliana mpaka kitandani."

Ishenkazi alimfuata nje. "Deo. Uliituma wewe. Mkono wako ndio ulioituma."

"Nilituma nguo, sikutuma jeneza. Wenye akili wamekwisha kuzichoma, ninyi mnapiga pasi." Wavuvi walikuwa wamekwisha kukusanyika, na watu wetu wa boti pia, na nilipotokea mlangoni wote walirudi nyuma kwa pamoja, kama maji yanavyorudi. Nilimwona Mama Hidaya ameziba mdomo kwa mkono uleule alioniwekea pilau. "Mtoeni," alisema Deo. "Simtaki. Pombe niliyopeleka nimesamehe, asibaki mtu wa kudai wala kudaiwa. Mtoeni kisiwani leo hii, na asiletwe tena."

Ishenkazi alipiga magoti mchangani, mtu mzima yule, akamwambia kwa Kihaya maneno ambayo siyaandiki, ya kumtakia asizikwe na mtu. Yeye alisimama akayapokea yote. Kisha aliingia bandani, akatoka na lile kapu kichwani, akaingia nalo majini mpaka kiunoni na kuliweka botini. Akanirudia. Hakuna aliyekubali kunishika, basi yeye mwenyewe aliniinua, mikono yote miwili, nguo ile imemgandama kifuani na shavuni, akanibeba mpaka kwenye boti. Mtu anayeogopa nguo hakushiki hivyo. Lakini mimi wakati ule sikuwa na akili ya kuona. Aliponiweka chini alisema polepole, mimi tu nikasikia, "Genda, bojo. Kasirika tu." Nenda. Nami nilikasirika, kama alivyoniagiza.

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Mawimbi yalipanda, na watu walijirundika upande mmoja wa boti kunikwepa mpaka mzee Salehe akawafokea wakae sawasawa au tuzame. Mmoja akasema ziwa limechafuka kwa sababu ya kile nilichovaa. Mzee Salehe akamwambia, "Mawimbi ya jioni yalikuwepo kabla mama yako hajazaliwa. Kaa." Bi Zuhura alivua buibui lake akanipa, Rukia akanizungushia turubai, nikalivua gauni na kulitupa majini. Halikuzama upesi. Lilitanda, likang'aa, likatufuata kidogo kama linaomba kupanda. Ishenkazi alikaa mbele akiwa ametugeuzia mgongo mpaka Kemondo, na baada ya Kemondo aliniambia neno moja tu: "Tumechekwa mpaka na samaki."

Mwaka ule haukwisha hapo. Hakuna aliyekuja tena kuniposa, maana habari ya msichana aliyekataliwa na mvuvi mbele ya watu ilifika Muleba kabla sijafika nyumbani. Bi Zuhura hakunifukuza, Mungu amlaze pema, lakini Mama Hidaya aliacha kula chapati zangu. Niliendelea kukanda unga nikimchukia Deo, na chuki ile ilinisaidia kuamka asubuhi. Kisha, mvua za masika zilipokatika, Nyanjige yule wa Bumbile alikuja Bukoba na samaki wakavu, akaniulizia sokoni mpaka akanipata. Alikaa juu ya mzigo wake, akaniambia bila kuzunguka. Kitambaa cha kichwa nilichokiona kwa Deo kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Anastella, aliyeishi naye kule kabla Deo hajaleta pombe kwetu na hata baadaye, akaugua. Deo alimpeleka hospitali, na daktari akamweka chini akamweleza kwamba ugonjwa haumo kwenye nguo, umo kwenye damu, na wanaolala pamoja wanapeana, na hata yeye Deo aliye mnene anao. Anastella alifia njiani kurudi. Ndipo Deo akanyamaza. "Siku mlipoondoka," Nyanjige alisema, "nilimtukana. Nikamwambia wewe si mtu. Akaniambia, 'Mama, ningesema ukweli yule shangazi yake angeamini? Angesema natafuta sababu, angemwacha binti hapa kwangu. Nguo haina kosa. Lakini nguo ndiyo wanayoiogopa.' Akakaa juu ya nyavu akiangalia maji mpaka giza, akiuliza kama mmevuka salama. Sasa ameanza kukohoa. Wamemrudisha kwao."

Nilikwenda kwa ishenkazi. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba, nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, na majina yote. Aliendelea kukata. Alikata mgomba mmoja, akahamia mwingine, na mwingine, mpaka akafika mpakani mwa jirani ambako hakuna tena cha kukata, akasimama pale na kisu mkononi. "Nilimlaani asizikwe na mtu," akasema. Nilikuwa na umri wa kuolewa, na pale kibanjani ndipo nilipoanza kuwa mtu mzima, si kwa sababu ya mwanamume, kwa sababu ya kumwona mkubwa wangu hajui afanye nini.

Deo alikufa kabla ya senene kuanguka. Tulikwenda Kimwani kwa miguu tangu tuliposhushwa na lori, ishenkazi mbele. Watu walikuwa wachache, na hao wachache walisimama uani, kila mmoja akiutazama mlango kana kwamba unauma. Kwa desturi yetu nyasi hutandazwa ndani na kila mtu ana mahali pake kwa marehemu, ndugu huku, wajomba kule, wakwe upande wao na kilio chao. Upande wa wakwe nyasi zilikuwa hazijakaliwa, zimesimama vilevile zilivyomwagwa. Ishenkazi aliingia bila kubisha, akakunja nguo zake, akaketi pale, akanivuta mkono nikae nyuma yake. Mzee mmoja wa ukoo akamwinamia kwa upole, akidhani amekosea. "Mama, samahani, ninyi ni akina nani kwake? Kijana huyu hakuoa."

"Mimi ni mkwe wake," alisema ishenkazi Melania, akajifunika kichwa, akaanza kulia kilio cha mkwe, na waliokuwa uani wakaanza kuingia ndani, mmoja mmoja.